Wagonjwa wa Siku ya Gulio

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kuwaharibia watu furaha, na kwa miaka yote hiyo jina langu halijaandikwa popote. Jarida letu la tiba hapa Dhaka likipokea makala ya utafiti, huipeleka kwa wakaguzi watatu kabla ya kuichapa. Wawili ni madaktari. Wa tatu ni mimi, mtakwimu. Madaktari wanatazama ugonjwa na dawa. Mimi natazama hesabu: wagonjwa waligawanywa vipi, wangapi walipotea njiani, nani kasema imethibitika wakati hakuna kilichothibitika. Mwandishi wa makala hapewi jina langu. Kwake yeye mimi ni Mkaguzi wa Tatu, na najua fika kwamba Mkaguzi wa Tatu hutukanwa sana kwenye vikao vya chai. Nyumbani naitwa Tahsina Majumder. Ofisini, wakidhani sisikii, wananiita Wembe.

Jina hilo nalipenda, nisiwafiche. Ndiyo maana haya yaliniuma hivi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwishoni mwa Juni, mvua inanyesha tangu alfajiri na barabara ya mbele ya nyumba imeshageuka mfereji. Shangazi yake mume wangu, Jobeda, alikuwa kwetu kwa wiki ya pili baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwao ni Char Shaluk, kisiwa cha mchanga ndani ya mto Padma, na tangu aondoke huko alikuwa akilalamika kwamba maji ya Dhaka yana ladha ya bomba. Nilikuwa namwomba abaki mpaka Jumamosi ili daktari amtazame jicho tena. Akaniambia niache utoto, yeye kesho anaondoka.

"Nikikosa boti ya Alhamisi nitalala wapi? Kwa samaki?"

Nikamwambia apande ya Ijumaa.

"Ya Ijumaa unaijua wewe mtu wa mjini. Kwetu boti ni Jumapili na Alhamisi, siku za gulio la Bhangapar. Siku nyingine mwenye boti hawashi mashine hata umwambie mama yake anakata roho. Mke wa Kader aliumwa na nyoka Jumatatu, shambani, wakamweka kwa mganga mpaka Alhamisi ndiyo wakampandisha, yeye na mbuzi na maboga. Hebu nisogezee chumvi, mwanangu, dengu zenu hizi hazijakolea."

Nikamsogezea chumvi. Halafu nikabaki nimeshika kipande cha chapati, sikitii mdomoni wala sikirudishi sahanini. Bhangapar. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimesoma jina hilo kwenye makala, na kwenye makala hiyo nilikuwa nimeandika maneno mawili tu: Sina hoja.

Makala yenyewe ilikuwa ya Daktari Imtiaz Bhuiyan, nami nilijua ni yake ingawa majina yalikuwa yamefutwa, maana nchi hii nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akifuatilia jambo hilo kwa miaka minne. Mtu akiumwa na nyoka, mwongozo unasema apewe vichupa kumi vya dawa ya kukata sumu. Dawa hiyo haitoshi kamwe. Kila msimu wa mafuriko kuna hospitali inayoishiwa, na mtu anakufa akiwa ameshafika kitandani. Bhuiyan akauliza swali zuri: je, vichupa vitano havitoshi? Katika hospitali ya Bhangapar akawapa watu mia moja na wanne vichupa vitano, na watu mia moja na wanane vichupa kumi. Kwa vitano walikufa sita. Kwa kumi walikufa tisa. Kwa hiyo nusu inatosha, na dawa ile ile itaokoa watu mara mbili. Makala ingetoka Alhamisi, na asubuhi ya siku hiyo hiyo Bhuiyan angesimama mbele ya kamati ya afya, ambayo barua yake kwa hospitali zote za wilaya ilikuwa imeshaandikwa, inasubiri saini.

Nilipoipokea ilikuwa siku binti yangu anaondoka kwenda masomoni, masanduku yako mlangoni, mume wangu anapiga honi. Niliitazama kwa nusu saa. Jedwali la kwanza, lile linalolinganisha makundi mawili kabla hawajapewa dawa, lilikuwa safi kama mbuzi aliyeoshwa kwa ajili ya Eid: umri sawa, wanawake kwa wanaume sawa, uzito sawa, sehemu ya kuumwa, mguu au mkono, sawa. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, ilisema. Nikaamini. Hapakuwa na mstari unaosema mgonjwa alichukua saa ngapi tangu kuumwa mpaka kufika hospitali. Mstari huo ndio ninaowadai watu kila siku, nawadai mpaka wananichukia, na siku hiyo sikuudai.

Nilifika ofisini nimelowa mpaka magotini. Sikunywa chai. Jarida letu linawataka waandishi walete na takwimu zao ghafi, mgonjwa mmoja mmoja, ili mtakwimu akitaka azifungue. Faili la Bhuiyan lilikuwepo, halijawahi kuguswa. Ndani yake kulikuwa na tarehe ya kulazwa ya kila mgonjwa. Nikaiambia kompyuta igeuze tarehe kuwa majina ya siku, kisha nikawapanga.

Waliopewa vitano wote waliingia Jumamosi, Jumatatu au Jumatano. Waliopewa kumi wote waliingia Jumapili, Jumanne au Alhamisi. Wagonjwa wachache wa mwezi wa kwanza tu ndio walikuwa wamechanganyika. Ijumaa hakuandikishwa mtu. Kura gani hiyo inayojua kalenda?

Ningeweza kukaa kimya, na wazo hilo lilinijia, sitasema uongo. Hakuna aliyekuwa anajua. Mkaguzi wa Tatu hana jina, na makala ikija kupondwa baadaye, lawama zingemwendea mwandishi. Nilikaa nalo wazo hilo kwa muda wa kuvua viatu na kukamua soksi. Kisha nikapanda ghorofani kwa mhariri.

Mhariri wetu ni Profesa Khondokar, ambaye alinifundisha chuoni na mpaka leo namwita Mwalimu. Ni daktari ambaye hajamshika mgonjwa kwa miaka ishirini, mtu mpole, anayependa mambo yaishe vizuri. Siku zote huniambia kwamba mtakwimu ni chumvi, chakula hakiliki bila yeye, lakini akizidi mnamwaga chungu kizima. Nikamweleza. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaniuliza kama nimeandika ripoti ya ukaguzi wiki tatu zilizopita au sikuandika. Nikasema niliandika. Akauliza ilisema nini. Anajua ilisema nini.

"Sina hoja," nikamjibu.

"Na leo unayo."

"Leo ninayo, Mwalimu. Niliandika bila kufungua faili."

Hakunifokea, na ningefurahi kama angenifokea. Akasema kugawa kwa siku si kosa kubwa sana. Ni uvivu, lakini zamani watu wengi walifanya hivyo. Tungeweza kumwambia Bhuiyan abadilishe sentensi moja. Na nifikirie upande wa pili: kama nusu kweli inatosha na sisi tukachelewesha, watakaokosa dawa mwezi wa Agosti watakufa kwa sababu ya nani? Hilo lilinichoma, maana lilikuwa kweli. Nikamweleza habari ya boti, kama shangazi alivyoisema huku akiomba chumvi. Watu wa visiwani wanaumwa siku yoyote, lakini wanafika siku ya gulio, Jumapili na Alhamisi, wameshakaa siku mbili tatu na sumu mwilini, figo zimeshaanza kugoma. Siku zote mbili ni siku za vichupa kumi. Wanaofika Jumamosi na Jumatatu ni watu wa karibu, wamekuja kwa riksho ndani ya saa moja, na wengi wao nyoka hakuwatia sumu ya maana.

"Ni kama kushindanisha watu wawili mbio," nikamwambia, "mmoja umembebesha gunia la mchele. Wakifika pamoja unasema wana nguvu sawa."

"Na ushahidi wa gunia ni nini? Shangazi yako na chumvi yake?"

Hapo akawa amenishika. Faili halikuwa na kijiji cha mgonjwa wala saa ya kuumwa. Akaamua ampigie Bhuiyan pale pale, na nikae nisikilize, ila nisitoe sauti hata ya kukohoa, kwa sababu mwandishi hatakiwi kumjua mkaguzi wake. Nikawekewa karatasi na kalamu. Simu ikawekwa mezani, sauti wazi.

Bhuiyan alikuwa mchangamfu, anajiandaa kwa Alhamisi. Mwalimu akamzungusha kwa upole mpaka akafika kwenye kura. Mimi naandika, nasukuma karatasi: Bahasha zilikuwepo? Nani aligawa? Kwa nini siku? Bhuiyan akaeleza bila kujificha kwamba walianza na bahasha zilizofungwa, kama sheria inavyotaka, lakini ule unyevu wa Bhangapar, nyinyi mnaujua, gundi iliachia, nyingine zikagandana. Nesi wa zamu akapendekeza wapange kwa siku, naye akakubali. Aliandika "kwa kura" kwa sababu ndivyo utafiti ulivyoanza, na kwa sababu haikuwa na tofauti. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeona unamsumbua kwa jambo la vifungo vya shati.

"Nyoka hajui leo ni siku gani, Profesa."

Nikasahau karatasi, nikasahau kila kitu.

"Nyoka hajui," nikasema, "lakini mwenye boti anajua."

Mwalimu alinitazama kama mama anayetazama sufuria ya maziwa ikifurika.

"Nani huyo?" Bhuiyan akauliza.

"Mkaguzi wa Tatu," akajibu Mwalimu, kwa uchovu.

Basi Bhuiyan akanipa yangu. Alisema miaka minne amelala kwenye chumba chenye mbu, amewafunga watu vidonda kwa mikono yake, na kuna watu wanaokaa Dhaka chini ya feni, hawajawahi kumwona nyoka ila kwenye sinema, kazi yao kuhesabu makosa ya wenzao. Kila neno lilikuwa na haki yake. Nikamuuliza tu kama daftari la kulaza wagonjwa lina saa ya kuumwa. Akasema daftari la Nesi Minoti lina kila kitu, hata rangi ya lungi aliyojifunga mgonjwa kiunoni. Tumpigie kesho akiingia zamu ya mchana. Yeye hana cha kuficha. Akakata.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nikampeleka shangazi kituo cha basi, jicho lake moja limefunikwa, mkononi kabeba mfuko wa dawa za matone na mwingine wa maembe aliyosema ya kwao ni bora lakini haya ni bure. Nilitaka kumwambia asikanyage shambani. Nilitaka kumwambia mengi. Badala yake nikamwambia afunge mdomo wa mfuko vizuri, naye akanijibu kwamba amefunga mifuko tangu kabla mimi sijazaliwa.

Saa saba na nusu mchana tulikuwa tena kwa Mwalimu, mimi na yeye, mlango umefungwa. Kwenye kiwanda cha uchapaji kurasa zilikuwa zimeshapangwa, wanasubiri neno lake mpaka saa kumi. Nesi Minoti Halder alipokea simu kwa sauti ya mtu aliyevaa nguo safi kwa ajili ya wageni. Aliniita Apa, nami nikamwita Didi, yote mawili maana yake dada, kama inavyopasa. Alidhani tunampigia kumpongeza.

Nilimuuliza kwanza kuhusu siku. Akaeleza kwa fahari. Bahasha zilipoharibika, aliogopa mtu asije akasema anampendelea fulani. Akafikiri: nikigawa kwa siku, hakuna atakayenilaumu, siku zote ni za Mungu. Na hakuwahi kukosea, hata mara moja. Mbunge alimleta mpwa wake Jumatatu, anataka vichupa kumi, akapewa vitano.

Nikamwomba anisomee daftari: namba ya mgonjwa, saa alizokaa tangu kuumwa, hali aliyotoka nayo. Akasoma. Watu mia mbili na kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, nami naweka vijiti kwenye karatasi yenye vyumba vinne. Mwalimu mwanzoni alikuwa anapitia barua zake. Tulipofika mgonjwa wa sitini akaziacha. Vijiti vilikuwa vinajaa kwenye chumba kimoja, kile cha waliochelewa zaidi ya siku moja na kupewa kumi. Chumba cha waliochelewa na kupewa vitano kilibaki kitupu, kitupu, kitupu. Nikaanza kuombea kibaki hivyo. Kingebaki kitupu, basi tungesema tu kwamba utafiti haukuwagusa watu wa namna hiyo, tukaishia hapo.

Kwa mgonjwa wa mia moja na thelathini na tisa sauti ya nesi ikabadilika.

"Hawa ni wanne, Apa. Walikuja pamoja."

Nikamuuliza siku gani.

"Jumamosi. Eid ilikuwa Jumapili, kwa hiyo gulio la Alhamisi na la Jumapili yakaunganishwa siku moja kabla ya Eid, watu wauze mbuzi zao. Boti ikaja Jumamosi. Ulikuwa wakati wa kuvuna mpunga, waliumwa siku tofauti, wakakusanywa kama mizigo. Saa arobaini na sita, saa sabini, saa hamsini na moja, saa sitini na tatu."

"Uliwapa vitano."

"Ilikuwa Jumamosi."

Daktari angeweza kuruhusu waongezewe, utaratibu wa utafiti ulisema hivyo, lakini daktari alikuwa amekwenda kwao kula Eid na simu yake haishiki. Nesi hana ruhusa ya kuongeza. Aliniambia majina yao wote wanne, sikumuuliza. Watatu walikufa kati ya usiku huo na Jumatatu. Wa nne ni mwanamke, anaishi, anakuja siku za gulio kumletea mboga.

Nikaweka vijiti vinne, na vitatu kati yao nikavikata. Tukaendelea mpaka mwisho, yeye anasoma, mimi naandika, na hapakuwa na mwingine wa kuingia chumba kile. Nikajumlisha. Waliochelewa na kupewa kumi, arobaini na mmoja, walikufa wanane. Waliochelewa na kupewa vitano, wanne, walikufa watatu. Waliowahi na kupewa kumi, sitini na saba, alikufa mmoja. Waliowahi na kupewa vitano, mia moja, walikufa watatu. Nikamsogezea Mwalimu karatasi. Aliishika kwa mikono miwili.

Wanne hawathibitishi kitu. Hilo ndilo ningemwandikia mtu mwingine, na ndilo nililojiandikia mwenyewe kwenye pembe ya karatasi: idadi ndogo mno. Lakini makala ilisema nusu inatosha kwa wote, na hiyo sasa hakuna aliyekuwa na haki ya kuisema. Mwalimu alinong'ona kwamba atasimamisha kurasa na kuipigia kamati. Akaongeza, akiangalia meza, kwamba anaweza kusema ni tatizo la kiufundi, la upangaji wa kurasa, jina la mtu lisiguswe. Nikamwambia kamati haitazuia barua kwa sababu ya upangaji wa kurasa. Wanapaswa kuambiwa kwamba ukaguzi haukufanyika. Akafumba macho, akakubali kwa kichwa, akainua simu ya pili na kuanza kupiga kiwandani.

Mimi nikarudi kwa Nesi Minoti kumshukuru. Nilitaka kukata haraka kabla hajaanza kuuliza. Hakuuliza nilichokiogopa. Aliuliza kitu kingine.

"Apa, na hawa wa sasa niwasome?"

"Wa sasa gani?"

"Baada ya utafiti. Daktari alituambia tangu mwanzo wa mwezi tutoe vitano kwa wote, kila siku. Alisema huko Dhaka mmeshakubali."

Tumekubali. Mwanzo wa mwezi ndio niliandika maneno yangu mawili, siku ya masanduku na honi. Nikamwambia asome. Tangu hapo boti za gulio zilikuwa zimekuja mara sita, zikaleta kumi na mmoja walioumwa. Watatu wamekufa. Watatu kati ya kumi na mmoja nao hawathibitishi kitu, walikuwa wamechelewa, labda wangekufa hata kwa vichupa ishirini. Sitajua kamwe. Nitakaa na kutojua huko mpaka nife, nami ndiye niliyejipa.

Nilisikia mvua kwenye mabati ya kwao, na mtu anakokota kitanda. Nesi Minoti si mjinga. Amesoma namba mia mbili kwa sauti yake mwenyewe, kasikia mahali kalamu yangu ilipozubaa.

"Kumbe zile siku hazikuwa sawa," akasema.

"Hazikuwa sawa, Didi."

"Mimi ndiye niliyepanga."

"Wewe uliandika kila saa na kila jina. Kazi ya kusoma ilikuwa yangu, na sikusoma."

Nikasikia anafunua ukurasa.

"Kesho Alhamisi," akasema. "Boti zitakuja. Nitoe ngapi?"

Mimi si daktari. Sijawahi kumchoma mtu sindano. Mkaguzi wa Tatu hana ruhusa hata ya kuzungumza na mtu huyu, sembuse kumwambia atie nini kwenye mshipa wa mgonjwa. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa amesimama na simu sikioni, anabishana na mtu wa kiwandani, amenipa mgongo. Mwongozo wa wizara ulikuwa bado ni ule ule, haujafutwa na mtu yeyote. Sisi ndio tuliokuwa tumeutangulia.

"Kumi," nikasema. "Kwa kila mtu, kila siku. Kama mwongozo unavyosema."

"Daktari Bhuiyan alisema vitano."

"Najua. Atapigiwa leo. Wewe toa kumi."

"Sawa." Kalamu yake ikagonga meza. "Hapa kuna sehemu ya nani ameagiza. Siwezi kuiacha wazi, Apa. Niandike nani?"

Mwalimu akaishusha simu ya pili. Sikujua kama amemaliza au ananisikiliza.

"Andika Tahsina Majumder," nikasema, nikamtajia herufi moja moja, polepole.

"Cheo?"

"Mtakwimu."

Aliandika. Kisha akanisomea alichoandika, jina langu lote, cheo, vichupa kumi, Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, akaniuliza kama ni sahihi.

Nikamwambia ni sahihi.